Kadi ya Oili Haijaisha, Injini Imekufa

Kadi ilikuwa bado inaning'inia chini ya boneti, imefungwa kwa waya mwembamba, na mwandiko wa fundi ulisomeka vizuri: oili imemwagwa kilomita 118,400, rudi tena kilomita 123,400. Dashibodi ilikuwa inasoma 122,000. Kwa hesabu ya kadi nilikuwa na kilomita 1,400 za kutembea bila wasiwasi.

Nilikuwa natoka Lamadi kurudi Bariadi, jua limesimama utosini, Dutwa nimeshaipita. Chini ya boneti ukaanza mlio wa ko, ko, ko, kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo ndogo, na kila nilipokanyaga mafuta mlio ukaongeza kasi. Ile taa nyekundu yenye picha ya birika ilikuwa inawaka. Iliwaka saa ngapi, sikuiona. Nikasogea pembeni mwa lami na kuzima gari. Fundi aliyefika kwa bodaboda kutoka mjini alinipa salamu ya mwadila, nikaitikia, kisha hakuuliza mengi. Alivuta stiki ya oili, akaifuta kwa kitambaa, akaitumbukiza, akaivuta tena na kunionyesha. Ilikuwa kavu hadi nchani. Injini imenoki.

Gari lenyewe ni Toyota IST, la aina inayojaa kwenye mitaa ya Somanda na Malambo, lenye injini ya 1NZ. Injini hiyo inabeba oili lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Yangu ilikuja kutoka Japani ikiwa imetumika miaka mingi, ringi za pistoni zimechoka, na ilikuwa inakula oili kiasi cha lita 1 kila kilomita 1,500. Piga hesabu: katika kilomita 3,600 nilizotembea tangu servisi, zaidi ya lita 2 zilikuwa zimetoka kwa njia ya silensa bila kudondosha hata tone moja chini. Kilichobaki ndani ya sampo hakikutosha. Gari likipanda mlima au likikata kona, pampu inavuta hewa, na beringi za krankishafti zinasagana chuma kwa chuma. Dakika chache tu zinatosha.

Nimesimulia hayo kwa sababu kila ninapokaa na wenye magari hapa mkoani Simiyu, swali ni lilelile: oili ibadilishwe kila baada ya kilomita ngapi? Mmoja atasema 3,000, mwingine 5,000, na kijana aliyesoma mtandaoni atasema Wajapani wanakwenda mpaka 15,000. Wote wana chanzo cha namba zao. Tatizo ni kwamba hakuna namba kati ya hizo iliyopimwa ikiwa imekaa ndani ya gari lako, kwenye barabara yako.

Tuanze na huyo wa mtandaoni, maana hasemi uongo. Toyota huko kwao Japani inawaelekeza wenye magari ya petroli yasiyo na tabo wabadilishe oili kila kilomita 15,000 au kila mwaka 1, kinachotangulia. Yenye tabo ni kilomita 5,000 au miezi 6. Lakini maelekezo hayohayo yana ukurasa ambao wengi hawaufikii, unaohusu matumizi magumu: barabara mbovu zenye vumbi, milima, safari fupi fupi za kila siku, kusimama muda mrefu huku injini inaunguruma, na gari linalotembea zaidi ya kilomita 20,000 kwa mwaka. Mwenye gari la namna hiyo anaambiwa akate namba nusu: kilomita 7,500 au miezi 6, na mwenye tabo 2,500 au miezi 3. Sasa soma tena orodha ile halafu ufikirie gari unalolijua hapa Bariadi. Ni gari gani ambalo haligusi hata jambo moja?

Namba ya 5,000 ina ukoo mwingine. Marekani kwa miongo mingi walishika kanuni ya maili 3,000, na maili 3,000 ni kilomita 4,828. Ni jirani kabisa na 5,000 yetu. Kanuni ile ilitokana na oili za zamani ambazo zilichoka haraka, na leo Marekani kwenyewe watengenezaji wa magari wameshaivuka. Ile 3,000 ya mafundi wetu naiona kuwa mtoto wa barabara ya vumbi. Kabla ya lami ya kutoka Mwigumbi kupita Maswa hadi Bariadi, na kabla ya lami ya kilomita 71.8 kutoka Bariadi hadi Lamadi, gari la hapa lilikuwa linakunywa vumbi tangu asubuhi hadi usiku, na oili iliyopatikana dukani ilikuwa SAE 40 ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Kwa hali ile, fundi aliyesema 3,000 alikuwa anamwokoa mteja wake. Simdharau hata leo.

Ili kuamua mwenyewe, inafaa ujue oili inachakaa kwa nini. Watu wanadhani kazi yake ni kuteleza tu. Kuteleza ni kazi mojawapo. Oili inabeba joto kutoka kwenye pistoni, inaziba upenyo kati ya ringi na ukuta wa silinda, inaosha masizi na kuyabeba yasigande, na ndani yake mna dawa za kuua asidi inayozaliwa petroli ikiungua. Dawa hizo zinaliwa kidogo kidogo mpaka zinakwisha. Ndiyo maana oili inakuwa nyeusi, na weusi peke yake si ugonjwa, ni ushahidi kwamba inaosha. Kwenye injini ya dizeli oili inaweza kuwa nyeusi ndani ya siku chache za kwanza. Fundi anayekuambia umwage kwa sababu tu ameona rangi kwenye kidole chake anakukosesha fedha.

Adui wa kwanza hapa kwetu ni vumbi. Mwezi wa Juni mpaka Oktoba, mvua zikikatika na magari ya pamba yakaanza kuzunguka vijijini, ukiacha lami na kuingia ndani kuelekea Itilima au Meatu, unatembea ndani ya wingu. Vumbi lile lina chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko vyuma vingi vilivyomo ndani ya injini. Eya klina likiwa limechanika, au likiwa limepulizwa kwa upepo wa kompresa mara nyingi mpaka karatasi yake imelegea, chembe zinapita, zinaingia kwenye silinda, zinashuka kwenye oili, na kuanzia hapo oili yako imegeuka msasa. Filta ya oili nayo ikijaa, ina mlango mdogo wa dharura unaofunguka ili injini isikose oili kabisa, na oili inapita bila kuchujwa. Kwa hiyo kumwaga oili na kuacha filta ya zamani ili kuokoa shilingi chache ni kuchanganya maji safi na ya ndoo chafu.

Adui wa pili anawashangaza wengi: ni safari fupi. Mwalimu anayeishi kilomita 4 kutoka shuleni anawasha gari asubuhi, anafika kabla injini haijapata moto, anazima. Jioni hivyohivyo. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na injini isiyopata moto haiwezi kuukausha mvuke ule. Unageuka maji, unachanganyika na oili pamoja na petroli iliyopenya kwenye ringi. Fungua kifuniko cha kuwekea oili cha gari la namna hiyo; ukiona uji mweupe kama maziwa yaliyoganda upande wa chini wa kifuniko, unajua. Kilomita 8 kwa siku zinahitaji siku 625 kufika 5,000. Mwalimu huyu akifuata kilomita, atakaa na oili moja karibu mwaka 1 na miezi 9, na kadi yake itaonyesha kwamba hana kosa.

Mtazame na dereva wa mchomoko anayekwenda Lamadi. Akipiga safari mbili za kwenda na kurudi, ametembea kilomita 288 kwa siku. Ile 5,000 inamfikia siku ya 18. Ni mzigo mkubwa mfukoni, naujua, na ndiyo sababu wengine wanajiongezea mpaka 8,000 au 10,000. Lakini ukweli ni kwamba kilomita zake ni laini kuliko za mwalimu. Injini yake inapata moto asubuhi na kukaa na moto huo, lami ni safi, mwendo ni mmoja. Kinachomwumiza ni abiria waliojazana kuliko kiwango, na zile dakika za stendi, konda anaita abiria, dereva anapiga resi ili waliopo waamini gari linaondoka. Muda ule dashibodi haiongezi hata kilomita moja. Kampuni ya Ford ya Marekani, kwa magari yake makubwa ya dizeli, inahesabu saa 1 ya kuunguruma pale pale kuwa sawa na kutembea maili 25, yaani kilomita 40. Gari linalosubiri stendi saa 2 kila siku lina kilomita 80 za siri ambazo hazimo kwenye kadi. Matrekta yetu ya kulimia pamba yalishaelewa jambo hili zamani; yana saa ya injini, na servisi zake zinahesabiwa kwa saa.

Kuna habari mbili za kutoka nje ambazo kila mwenye Toyota hapa Simiyu angepaswa kuzijua. Ya kwanza ni ya mwaka 2002. Toyota iliwaandikia wamiliki wa magari takriban milioni 3.3 nchini Marekani, ya modeli za 1997 hadi 2002, kwa sababu injini zake za 5S-FE na 1MZ-FE zilikuwa zinajaa tope jeusi la oili iliyoganda. Kampuni ilisema wateja hawakubadilisha oili kwa wakati. Wateja wengi walikuja na risiti zao mkononi kuonyesha kwamba walibadilisha. Mwishowe kampuni ilikubali kugharamia matengenezo. Injini hizohizo mbili ndizo zilizofungwa kwenye Harrier za mwanzo, ambazo bado zinatembea hapa kwetu.

Ya pili inanigusa zaidi. Mwaka 2015, Toyota iliongeza muda wa dhamana Marekani kwa magari yenye injini ya 2AZ-FE ya modeli za kati ya 2006 na 2011, kwa kuwa pistoni na ringi zake zilikuwa zinaruhusu oili kuungua. Kipimo walichoweka cha kusema injini ni mbovu kilikuwa robo galoni, yaani karibu lita 1, ndani ya maili 1,200, sawa na kilomita 1,930. Injini hiyo imo kwenye RAV4, Vanguard na Harrier nyingi zilizoingia nchini. Fikiria maana yake kwa mtu anayefuata kadi ya kilomita 5,000 bila kufungua boneti. Kabla hajafika, lita 2 na nusu zimekwenda. Kubadilisha oili kwa wakati hakumsaidii mtu wa namna hiyo, kwa sababu siku ya kubadilisha haitafika. Mimi sikufika.

Sasa nitoe hukumu yangu, na mwenye kitabu cha gari lake akisome kwanza kabla ya kunisikiliza. Gari dogo la petroli lililotumika, linalotembea zaidi kwenye lami: kilomita 5,000 au miezi 6, kinachotangulia, na filta mpya kila mara. Linaloingia vijijini kila wiki wakati wa kiangazi: 3,000 hadi 4,000, na eya klina likaguliwe kila mwezi. La safari fupi za mjini: sahau kilomita, hesabu miezi, usivuke 6. Mwenye gari jipya jipya na oili ya sinthetiki halisi anaweza kwenda 7,500 bila hofu, lakini sioni sababu ya mtu yeyote mkoani humu kufuata 15,000 ya Tokyo. Bodaboda ni habari nyingine kabisa. Injini yake inabeba oili ya lita 1 hivi, oili hiyo moja inalainisha injini, giaboksi na klachi, na pikipiki nyingi hazina filta ya karatasi, zina wavu tu. Kila kilomita 1,000 hadi 1,500 imwagwe, na iwe oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwa sababu baadhi ya oili za magari zinafanya klachi iteleze.

Juu ya unene wa oili pana ubishi mkubwa kwenye gereji zetu. Namba kama 5W-30 au 20W-50 ni za unene: ya mbele ya W inaeleza inavyotiririka kwenye baridi, ya nyuma inaeleza unene wake injini ikiwa na moto. Wengi wanasema joto la kwetu linataka oili nzito, hivyo kila gari linapigwa 20W-50. Kwa injini kuukuu ya dizeli hoja hiyo ina uzito. Lakini injini za VVT-i, kama ya IST, zinatumia oili yenyewe kusukuma kifaa kinachopanga muda wa vavu, ikipita kwenye vitundu vyembamba sana, nazo zilitengenezwa kwa 5W-30. Oili nzito inachelewa kupanda asubuhi, na sekunde zile za kwanza baada ya kuwasha ndizo zinazokula chuma kuliko mwendo wa baadaye. Kama injini imeshaanza kula oili, kupanda hadi 10W-40 kunaeleweka. Angalia pia herufi za API kwenye dumu: zinazoanza na S ni za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli, na herufi ya pili kadiri inavyosogea mbele kwenye alfabeti ndivyo oili inavyokuwa ya kizazi kipya. SP ilitoka mwaka 2020, SL ni ya 2001. Dumu lililoandikwa SF ni la kiwango cha mwaka 1980. IST haikuwa hata imebuniwa.

Yote hayo yanabaki bure kama ndani ya dumu hamna kilichoandikwa nje. Oili bandia ipo, na njia yake rahisi ni dumu halisi lililoachwa gereji, likajazwa oili chafu iliyochujwa na kufungwa upya. Nunua duka unalolijua, tazama lakiri kabla hujalipa, simama hapo wakati fundi anamimina, na ukimaliza litoboe dumu kwa msumari au uondoke nalo. Ni jambo la nusu dakika.

Nayo oili chafu inakwenda wapi? Hapa nataka tusemezane kwa uchungu. Nyuma ya gereji zetu ardhi imekuwa nyeusi na ngumu kama lami. Nyingine inapakwa kwenye nguzo za nyumba na mazizi ili mchwa wasile, nyingine inamwagwa mtaroni. Mvua za Novemba zikianza, mitaro ile inashuka mitoni, mito inaingia Mto Simiyu, na Mto Simiyu unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Shirika la mazingira la Marekani linakadiria kwamba galoni 1 ya oili iliyotumika inaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji ya kunywa. Kwa sheria zetu oili hiyo ni taka hatarishi, na kuikusanya kunahitaji kibali. Halmashauri ya Mji wa Bariadi ikiweka mapipa mawili matatu kwenye maeneo ya gereji na kumkaribisha mkusanyaji mwenye kibali, vijana wa gereji watamimina humo, maana hakuna anayefurahia kukanyaga tope lile kutwa nzima. Na vijana hao wapate glovu. Oili iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na wao mikono yao imo ndani yake kila siku.

IST yangu ilikaa gereji wiki 5. Krankishafti ilichongwa, beringi na ringi zikafungwa mpya, na fedha niliyolipa ingenunua oili ya miaka kadhaa. Sasa natembea na dumu la lita 1 kwenye buti, na kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kuwasha, navuta stiki.

Nawe ndugu msomaji, gazeti hili likiwa bado mkononi mwako, toka nje. Gari liwe mahali tambarare, limezimwa angalau dakika 5. Vuta stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ivute tena, usome. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Ikiwa chini ya alama ya chini, usiwashe gari hilo mpaka umeongeza.